Kimya cha Mtaa Wetu

Siyu, tarehe 20 Shaabani 1375

Kwa dada yangu Bi Radhiya binti Khatib, aliyeko Mkokoni nyumbani kwa mumewe Bwana Mselem.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba karatasi hii ikukute umekaa vizuri, mwili hauna tabu, na huyo aliye tumboni anakupa nafasi ya kula na kulala. Ukitaka habari zetu, mama hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hausumbuliwi na kitu. Mtama umetoka vizuri mwaka huu. Na mimi ni mzima, alhamdulillahi, mzima kabisa, na huo uzima ndio ulionifanya nikuandikie.

Dada, isome peke yako. Usimpe mtu akusomee, hata shemeji, mpaka uifikishe mwisho. Ukisha, ukitaka kumpa mpe. Ina neno la harusi yako ndani yake, na neno lenyewe ni zito, nami sijui kulifikia kwa mara moja. Herufi zangu utaziona zimelala upande. Chuoni sikufika mbali, na hizi chache ninazozijua ni wewe uliyenishika mkono nikaziandika, kwa hivyo makosa tugawane.

Nianze nyuma kidogo. Mengine unayajua kuliko mimi, maana wewe ulikuwa umesimama na mimi nimelala, lakini nataka ujue yalivyokuwa upande wangu.

Kile kisiki kiliponichoma mguu kule mikandaani tulikokata boriti, nalicheka. Tundu dogo, hata damu haikutoka ya maana. Siku ya nane taya likaanza kukaza nikadhani ni jino. Siku ya tisa mama akanipa uji, kijiko kikagonga meno kikarudi. Bwana Jeilani, yule dresa wa zahanati ya Faza, alipokuja na punda wake na sindano zake, aliwaambia kwamba ni pepopunda, mlango ufungwe, dirisha lizibwe, na mtu yeyote asifanye kishindo, maana kishindo ndicho kinachouita ule mkazo.

Nyinyi mliona mgongo wangu ukipinda kama uta. Mimi nalikuwa nasikia kila kitu. Watu walisema akili imempotea, na akili ilikuwa palepale, imefungiwa ndani ya mwili uliokataa. Siku ile mfuniko wa chungu ulipoanguka jikoni, kabla sijajua ni mfuniko mwili ulishanyanyuka, nimebaki na kisogo na visigino tu juu ya kitanda, na ndani yangu nasema ya Rabbi, na mdomo haufunguki hata kwa hiyo ya Rabbi. Tangu siku hiyo nikawa nimelala nangojea mfuniko mwingine. Mchana nangojea, usingizini nangojea.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiloweka pamba kwenye maji ya asali, ukaikamua pale penye pengo la jino langu. Siku kumi na saba. Hilo sijalisahau, na ndilo linaloniumiza.

Mama naye aliufunga mtaa mzima, wajua. Jogoo akachinjwa. Vinu vikahamishwa, wanawake wakawa wanakwenda kutwanga kule karibu na ngome. Watoto wakapewa visheti ili wakacheze mbali, mpaka wakajifunza kuja mlangoni kupiga kelele kidogo tu ili wapewe. Bi Rahima na wifi yake waligombana siku nzima kwa kunong'ona, na matusi ni yaleyale. Hata muadhini mama alimwendea akamwomba apunguze sauti. Akajibu kwamba mwito wa Mwenyezi Mungu hana ruhusa ya kuupunguza, lakini uso ni wake, na akawa anaadhini ameugeuzia upande wa pili.

Mwezi wa mfunguo tano ulipokwisha nikaanza kutembea kwa kushika ukuta. Mfunguo saba ukaolewa. Harusi ya binti Khatib, na hakuna ngoma, hakuna tari, vigelegele watu wamevimeza. Nalichungulia kwenye ufa wa dirisha nikakuoneni mkishika ndia ya pwani, mmejifunika, hakuna anayesema, kama watu wanaokwenda kuzika mtoto mchanga. Bi Nana, jirani yetu, alikuwa nyuma kabisa, amebeba tari lake chini ya buibui. Nadhani alilichukua kwa mazoea tu.

Ukaondoka, nami nikabaki na kile kimya. Dada, kimya kikikaa sana kinakuwa kama mtu mwingine ndani ya nyumba. Mama akawa ananong'ona hata akiwa peke yake. Chakula akaendelea kunipondea. Nikisema nataka kutoka barazani nipate jua, alikuwa ananiwekea mkono kifuani kunizuia, mkono mwepesi, na mkono mwepesi huwezi kuusukuma. Ndevu zimeniota mle ndani. Kazi yangu ikawa ufa wa dirisha. Nikajua nyayo za kila mtu, nikajua nani akifika mbele ya mlango wetu anavua makubadhi na kuyashika mkononi. Wote walikuwa wanayavua. Wazee kwa vijana, wanapita miguu mitupu juu ya mawe ya moto, kwa ajili yangu.

Kisha mwezi uliopita akaja Bi Mahfudha, shangazi yake shemeji, kumletea mama samaki wa ng'onda kutoka kwenu. Walikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Walikuwa wakinong'ona, lakini mimi kunong'ona ndiyo lugha niliyolelewa nayo mwaka huu. Nikasikia kwamba huko Mkokoni wanakuita Bi Kimya. Kwamba watu wanasema msichana wa Siyu haolewi bila ngoma ila kuna kitu kimewahiwa. Na mama mkwe wako Bi Umulkheir hatukani, anahesabu: kila mwezi ukiandama hukunja kidole mbele za watu, huku anakutazama tumbo. Mama akasema, jamani, sababu ni mgonjwa, ngoma ingemuua. Bi Mahfudha akajibu kwamba habari za mgonjwa huyo wamezisikia, ila hakuna aliyemwona, na kila mwenye siri ana mgonjwa.

Mama alilia bila sauti. Mimi nikarudi kitandani nikalala kifudifudi. Katika barua zako mbili, dada, ulisema wakwe ni wema na samaki ni wengi. Hukusema neno lingine.

Sasa habari ya nyumba ya Bi Nana. Dari lake la mawe lilianguka baada ya wewe kuondoka, boriti zilikuwa zimeoza. Mwashi Bwana Abdulkadir alimbadilishia boriti, akapanga mawe, chokaa ikachomwa ikazimwa ikawa tayari, ikabaki kupigwa. Na wajua dari halipigwi na mtu mmoja. Ni watu thelathini, arubaini, na vibao vyao bapa, na nyimbo, siku tatu mpaka chokaa ishikane iwe kama jiwe. Nyumba yenyewe tumeshirikiana ukuta. Mama akasema haiwezekani. Bi Nana akasema basi, tungoje. Akangoja miezi miwili, mjane mzima, analala kwenye kibanda cha kupikia pamoja na majivu, na mawingu ya masika yameanza kukaa upande wa kusini.

Bwana Abdulkadir alikuja kwetu mara nne. Ya mwisho alisema kwa kunong'ona, na jasho linamtoka, maana mtu yule hakuzaliwa kwa kunong'ona, kwamba mama anaweza kuwasihi watu lakini mvua haina wa kuisihi. Akatoa shauri nichukuliwe kwa kitanda nikapelekwe shamba siku tatu. Mama akamjibu kwamba mtu akitolewa nyumbani kwa kitanda anapelekwa mahali pamoja tu, na bado hajawa tayari kunipeleka huko.

Alhamisi iliyopita watu wakachoka. Asubuhi naliona kwa ufa chokaa inapandishwa, watu wamejaa kule juu na vibao mkononi, wanaume upande huu na wanawake upande huu, kimya. Mama akatoka mbio, na lile goti lake, akaenda akakaa juu ya kipago cha kwanza cha ngazi akashika miti yake miwili. Akasema anayetaka kupiga aanze na yeye. Bwana Abdulkadir akamuuliza kutoka juu kama wateremshe chokaa au waipige juu ya kichwa chake, ipate nguvu zaidi. Watu wakacheka puani. Mama hakucheka.

Ndipo Bi Nana, aliyekuwa amesimama chini na ndoo ya maji, akasema teremsheni. Akasema nyumba yake si kitu mbele ya mtoto wa mtu, dari litapigwa mwakani Mungu akipenda. Hakusema kwa uchungu, dada. Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nao wakaanza kuteremsha.

Nikatoka. Sijui nalifunguaje mlango. Jua lilinipiga mato nikasimama nimeshika ukuta, na watu wakanipisha kama wanaona maiti amerudi kuulizia sanda yake. Mama aliponiona alisema jina langu kwa ile sauti ya chini, akaweka mkono kifuani kwangu kama siku zote. Nikaushika nikauondoa. Nikampita. Akanikamata kikoi kwa nyuma, nami nilishapanda vipago vitatu, na wallahi alipokataa kukiachia naliona kwamba ama nitateremka ama nitafika juu bila nguo. Bi Rahima ndiye aliyeninusuru, alimwambia mama, we Mwanatumu, muachie mtoto, ama sisi tutafumba macho kwa haya.

Kule juu nikapokea kibao kwa mtu wa kwanza. Magoti yalikuwa yananicheza. Niliinama, nikakiinua, na kabla hakijashuka mwili wote ulishajikaza kungojea, kisogo, mgongo, taya, kila mahali palipowahi kuuma palikumbuka. Nikapiga.

Mama akapiga ukelele chini. Ulikuwa ukelele wa kwanza kusikika mtaa ule kwa miezi saba, mpaka kunguru waliruka. Nami nikangojea. Hakuna kilichokuja. Mgongo umekaa mahali pake. Taya limekaa mahali pake. Nikapiga tena, na tena, na sauti ikaingia kwa nyayo ikapanda mpaka kwenye meno, na haikunifanya kitu, ilikuwa sauti tu, dada, sauti ya kibao na chokaa. Nikaanza kucheka. Naliufungua mdomo wangu mkubwa kama kinda la ndege, nikacheka mpaka machozi yananitoka, na sikuona haya, mimi unayenijua. Bwana Abdulkadir akaita kwa sauti yake ya asili kwamba mgonjwa amepona lakini anapiga kama mtu anayeua nyoka, alaze kibao bapa, asiharibu kazi ya watu. Basi hapo wakaangusha vibao wote kwa pamoja. Bi Rahima akaanzisha:

Piga, mgonjwa, piga,
dari haliumwi taya!

Na wenzake wakamwitikia. Tukapiga siku tatu. Watoto walipiga masufuria njiani bila ya kuzuiwa. Viganja vimenitoka malengelenge, na nimekula nyama ya mbuzi kwa meno yangu mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe, na nakwambia hivyo ili ujue kwamba sikusudii kujionea huruma katika haya yanayofuata.

Hapa Siyu sasa nimekuwa shujaa. Watu wananisimamisha ndiani kunishika mkono. Wanasema alipanda akijua anaweza kufa, ili mjane apate paa. Muadhini amenitaja msikitini. Kila anayenisifu, nakuona wewe unashika ndia ya pwani.

Dada, nalikuwa najua. Mwanzo wa mfunguo sita Bwana Jeilani alipita kwetu akienda Pate. Mama alikuwa kisimani na wewe ulikuwa umekwenda kwa fundi wa nguo zako za harusi. Alinipima, akanifungua mdomo, akanigonga magoti, halafu akapiga makofi makubwa mawili karibu na sikio langu, ghafla. Naliruka kwa woga, lakini mwili haukukaza. Akacheka, akasema maradhi yamekwisha, hayarudi kwa kelele, nimwambie mama afungue madirisha na majirani watwange wanavyotaka. Akapanda punda wake akenda zake.

Mama aliporudi akaniuliza dresa amesema nini. Nikasema, bado.

Neno moja. Nalisema kwa woga, nikifikiri nitamwambia kesho, nikishapata moyo. Nalikuwa nimeujua mfuniko ule wa chungu zaidi kuliko nilivyomjua Bwana Jeilani. Lakini kesho yake ikaja na sikusema, na kesho kutwa, na nikaanza kuona kitu kingine ambacho ni kibaya zaidi, na nitakiandika. Mimi si mtu wa kutajwa. Mtaani nikipita hakuna aliyekuwa akigeuka. Sasa wazee walikuwa wanavua makubadhi kwa ajili yangu. Nalichukia kile kimya, na bado sehemu yangu moja ilikuwa inakitaka. Nalijifungia mwenyewe na ufunguo nikaukalia.

Harusi yako ilikuwa mwezi mmoja baadaye. Siku moja kabla ulikuja ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, na hina mkononi haijakauka. Ukaniuliza kwa sauti ya chini kama ngoma ikichezwa mbali, kule ng'ambo ya ngome, nitaweza kuvumilia. Ungesema neno moja zaidi ningekwambia. Hukusema. Mimi nikageukia ukuta. Ukanifunika shuka mabegani, ukatoka, nikakusikia unawaambia akina Bi Nana waende nyumbani, hakuna ngoma. Nawe ulidhani nimegeuka kwa maumivu.

Hilo ndilo neno. Ngoma yako sikuizuia kwa maradhi. Naliizuia nikiwa mzima.

Juzi baada ya alasiri nalimwambia mama. Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso, akaendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha, na sikuona hata punje moja mbaya aliyoitoa. Kisha akasema amechukua mambo yangu mengi, lakini hili hachukui, nilipeleke mwenyewe kwa miguu yangu mpaka mahali linapouma. Tangu hapo anasema nami kwa sauti ya kawaida. Ni kali kuliko ile ya kunong'ona.

Basi karatasi hii anakuletea Bwana Famau, mwenye dau. Yeye anarudi huku Siyu Jumatano. Mimi Ijumaa nitavuka, nipate sala ya Ijumaa huko kwenu. Baada ya sala nataka kusimama barazani kwa shemeji, mbele yake na mbele ya watu, na Bi Umulkheir awe ndani nyuma ya pazia anasikia. Nimeyapanga maneno yangu, nayarudia nikiwa peke yangu shambani kwa sababu wajua nikiona watu watatu ulimi unanata. Nitasema: mimi ni Gharib, yule mgonjwa mnayesema hayupo. Harusi ya dada yangu haikuwa na ngoma kwa sababu ya uongo wangu. Yeye hakuwa na haraka ya kitu. Mwenye kuhesabu, aache miezi yake, anihesabie mimi.

Najua nikishasema hivyo itafika Siyu kabla yangu. Yatakwisha yale ya kunishika mkono, na sijui kama kuna mzee atakayenipa binti yake. Naogopa, dada, sikufichi. Kule juu ya dari sikuogopa kama ninavyoogopa baraza hilo. Lakini nimekwisha kuona kwamba mtu anaweza kufanya kitu huku magoti yanamcheza.

Ila siri ni yangu na aibu ni yako, na wewe ndiye unayeishi na watu hao. Kama unaona maneno yangu yatakuongezea, au kuna namna nyingine unayoitaka, mwambie Bwana Famau aniambie nisije, nami sitakuja mpaka uniite. Kama hutaki kuniona kabisa, mwambie hivyo pia. Akirudi bila neno, nitavuka.

Nisalimie shemeji Mselem, na Bi Umulkheir mpe mkono wangu kwa heshima, yeye hana kosa, alihesabu alichoonyeshwa. Mama anakusalimu na anakutumia habbasoda na kanga pea moja. Bi Nana anakusalimu, amehamia chini ya dari lake. Mwenyezi Mungu akujaalie ujifungue salama, na akupe moyo juu yangu, kama ninaustahili, na kama siustahili akupe vivyo hivyo.

Na Ijumaa, dada, ukiniona nateremka nti kavu, usinistahi kwa ajili ya watu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze palepale, kwa sauti yako yote. Naweza kusikia.

Wasalaam.
Ni mimi nduguyo, niliyekukosea,
Gharib bin Khatib